Takai: kivumishi cha Kijapani kinachobeba wakati mkiani

Mtu anayejifunza Kijapani huku kichwani ana Kiswahili huanza na nafuu kubwa. Irabu ni zilezile tano tulizozizoea. Silabi karibu zote huishia kwa irabu. Ngeli hakuna: yama ni mlima, na ni milima pia; ki ni mti, na ni miti pia. Kivumishi nacho hakifuati nomino. Takai yama ni mlima mrefu, takai ki ni mti mrefu, takai biru ni jengo refu. Ile mrefu, mirefu, refu, kirefu na ndefu inayomtoa jasho mgeni anayejifunza Kiswahili, huko haipo.

Halafu siku moja anakutana na takakunakatta.

Ni neno moja, limetokana na takai ileile, ambayo pia ina maana ya ghali, na maana yake ni "haikuwa ghali". Wanafunzi wengi hulikariri lilivyo, hulifanyia mtihani, kisha hulisahau. Nataka kuonyesha kwamba halihitaji kukaririwa. Limeundwa kwa vipande vichache, kila kipande kina kazi yake, na anayevielewa vipande hivyo ndani ya takai amekwisha kuvielewa ndani ya mamia ya vivumishi vingine. Jambo la msingi ni hili: kivumishi cha Kiswahili hubadilika mwanzoni, kwa kuitazama nomino, kivumishi cha Kijapani hubadilika mwishoni, kwa kuutazama wakati. Sisi tukisema "ilikuwa ghali", wakati umebebwa na kitenzi kuwa, na ghali imekaa vilevile. Mjapani akisema takakatta, kitenzi hukioni popote. Wakati umo ndani ya ghali yenyewe.

Juu, ghali, na vyote vinavyopanda

Takai huandikwa 高い. Alama ya kwanza ni kanji, yaani alama ya asili ya Kichina, ya mistari kumi, iliyotokana na mchoro wa jengo refu, na watoto wa Japani hufundishwa wakiwa darasa la pili. Alama ya pili, い, ni hiragana, yaani herufi ya sauti tu, husomwa i. Mgawanyo huo wa maandishi unamsaidia sana msomaji: kanji hubeba maana na haiguswi, mkia wa hiragana ndio unaobadilika. Ukiona 高い, 高くない, 高かった, 高ければ, jicho linajua papo hapo kwamba mzizi ni mmoja, taka. Mzizi huohuo umo katika majina mengi ya watu na miji. Takahashi, jina la ukoo, ni "daraja refu". Takagi ni "mti mrefu". Takayama, mji wa milimani katika mkoa wa Gifu, ni "mlima mrefu".

Maana ya kwanza ya takai ni urefu wa kwenda juu. Mlima Fuji, wenye mita 3,776, ni Nihon de ichiban takai yama, mlima mrefu kuliko yote Japani. Mtanzania akitaka kujivunia wa kwake, sentensi ni Kirimanjaro wa Fujisan yori takai desu, Kilimanjaro ni mrefu kuliko Fuji, na mita zake 5,895 zinaitosheleza. Katika ulinganisho huo takai haibadiliki hata kidogo. Yori ndiyo inayofanya kazi ya kuliko, ila inakaa nyuma ya kile kinachopimiwa: Fujisan yori, "kuliko Fuji".

Maana ya pili ni bei kubwa. Hapa Mswahili hahitaji maelezo mengi, kwa kuwa sisi wenyewe tunasema bei iko juu, bei imepanda, bei imeshuka. Mjapani ameviweka vyote viwili, juu na ghali, katika neno moja. Kinyume chake ndicho kinachogawanyika. Kilima kifupi ni hikui, shati la bei nafuu ni yasui, na ukivibadilishana utachekwa kwa upole.

Nikae kidogo kwenye yasui, maana ina zawadi kwa msemaji wa Kiswahili. Neno hili lina maana ya bei ndogo, lakini likiunganishwa nyuma ya kitenzi linapata maana ya wepesi: wakariyasui, rahisi kuelewa, yomiyasui, rahisi kusoma. Kwa maandishi ya kanji hutenganishwa, kwa asili ni neno moja. Rahisi ya Kiswahili inafanya hivyohivyo, swali rahisi na nguo za rahisi, kwa hiyo sisi tunalipokea jambo hili bila kushangaa.

Mtego wetu uko kwingine, katika -refu. Kwa Kiswahili mti ni mrefu, kamba ni ndefu, safari ni ndefu, na kisima nacho ni kirefu. Kijapani kinagawa. Kinachosimama kwenda juu ni takai. Kinacholala au kuendelea, kama kamba, nywele, mto, mkutano, ni nagai. Kinachoshuka chini, kama kisima au bahari, ni fukai. Anayesema takai kami akidhani ametaja nywele ndefu atakuwa ametaja, masikioni mwa Mjapani, nywele za bei mbaya.

Kwa mtu ni vivyo hivyo. Ukitaka kusema fulani ni mrefu, usiseme tu fulani wa takai. Taja kinachorefuka: Tanaka-san wa se ga takai desu. Se ni mgongo, na pia ni kimo. Sentensi hiyo ina mpangilio ambao Kiswahili cha mazungumzo kinao: "Tanaka, kimo chake kirefu." Kwanza unamtaja mtu, kisha unataja sehemu yake, kisha sifa. Mpangilio huu ukikukaa, unafungua mlango wa mambo mengi yanayopanda. Netsu ga takai, homa iko juu. Ketsuatsu ga takai, presha iko juu. Kanōsei ga takai, uwezekano ni mkubwa. Tahadhari moja tu: koe ga takai ni sauti nyembamba, ile ya noti za juu katika kuimba. Anayezungumza kwa sauti kubwa, ambaye sisi tungesema anaongea kwa sauti ya juu, kwa Kijapani koe ga ōkii.

Misemo nayo ni mingi. Hana ga takai, "pua iko juu", ni mtu anayejivuna kwa jambo lililomfurahisha, kwa mfano mzazi ambaye mtoto wake amefaulu. Me ga takai, "jicho liko juu", ni mtu mwenye jicho la kutambua kitu kizuri, na muuza vitu vya kale huwasifia wateja wake hivyo. Shikii ga takai, "kizingiti kiko juu", ni nyumba unayoona uzito kuiendea. Zamani hasa kwa sababu umemkosea mwenye nyumba, siku hizi wengi huitumia hata kwa mgahawa wa kifahari. Na ipo methali ambayo kila mtu wa sokoni ataielewa: Tada yori takai mono wa nai, hakuna kilicho ghali kuliko cha bure. Anayekupa bure atakuja kukudai kwa njia nyingine.

Dukani, mbele ya shati

Maumbo ya kivumishi hiki huonekana vizuri yakiwa midomoni mwa watu kuliko yakiwa kwenye jedwali. Chukua vijana wawili walioingia duka la nguo mjini Osaka. Mmoja anashika shati, anageuza lebo, anaona yeni 9,800. Kinachomtoka ni Taka! Sauti inakatwa ghafla kooni, neno linazibwa kabla halijafika mwisho. Huo ni mzizi mtupu, hauna mkia. Wajapani husema hivyo wanaposhtuka: anayegusa birika la moto husema Atsu!, anayejigonga kidole husema Ita!, kutoka atsui, -a moto, na itai, -enye kuuma. Ni neno la kumtoka mtu, la mbele ya rafiki, na halina wakati wala heshima.

Anamgeukia mwenzake: Takakunai? Sauti inapanda mwishoni. Kwa umbo, hiyo ni kanushi, "si ghali". Kwa sauti hiyo inakuwa "hivi si ghali hii?", na mwenzake anatarajiwa akubali. Anakubali: Takai ne, ghali kweli. Kisha anaongeza: Takakute kaenai, ni ghali, siwezi kulinunua.

Mhudumu anakaribia, na lugha inabadilika. Chotto takai desu ne, ni ghali kidogo. Osaka ni mji wenye sifa ya watu wasioona haya kuomba kupunguziwa, basi kijana anajaribu: Mō sukoshi yasuku narimasen ka, haiwezi kushuka kidogo? Bei haishuki. Analinunua hata hivyo. Jioni mama yake anamuuliza, naye anakiri: Takakatta. Ilikuwa ghali. Wiki mbili baadaye dada yake anapata shati linalofanana na lile katika duka la mitumba, na akiulizwa anajibu kwa furaha: Takakunakatta yo. Wala haikuwa ghali.

Ndani ya dakika chache tumepita kwenye taka, takai, takakunai, takakute, takai desu, takakatta na takakunakatta, na yasuku ya upande wa pili. Sasa tufungue mashine.

Ufunguo ni ku

Kama mtu ana nafasi ya kujifunza umbo moja tu zaidi ya takai, nitamwambia ashike takaku. Ondoa i, weka ku. Umbo hili ndilo linalokishikiza kivumishi kwenye neno linalofuata.

Linapofuatwa na kitenzi cha kawaida, linaeleza namna: takaku tobu, kuruka juu. Linapofuatwa na naru, kuwa au kugeuka, linaeleza badiliko: gasorin ga takaku natta, petroli imepanda bei. Linapofuatwa na suru, kufanya, linaonyesha kwamba kuna aliyelisababisha hilo: takaku suru, kupandisha. Na linapofuatwa na nai, linakanusha.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hupita haraka, na wanapoteza. Nai si kiambishi kilichobandikwa tu. Ni neno kamili, lina maana ya "hakuna", na hutumika peke yake kila siku: o-kane ga nai, pesa hakuna. Zaidi ya hapo, nai yenyewe ni kivumishi cha jamii ileile ya takai. Inaishia kwa i, na inabadilika kwa kanuni zilezile. Ikiwa takai ya jana ni takakatta, nai ya jana ni nakatta: o-kane ga nakatta, pesa hazikuwepo. Ikiwa takai ya kuunganisha ni takakute, nai ya kuunganisha ni nakute.

Basi takakunakatta si neno la ajabu tena. Takaku, umbo la kushikiza. Na, mzizi wa nai, kukosekana. Katta, jambo lililopita. Kivumishi kimoja kimemkabidhi mwenzake mkia, na huyo wa pili ndiye anayebeba wakati. Jambo hilo ni la kawaida katika Kijapani: wakati hubebwa na aliye mwisho wa mstari. Kiswahili huutia wakati mwanzoni, ha-i-ku-wa, kabla hatujajua ni nini hakikuwa nini. Kwa hiyo Mswahili anayesikiliza Kijapani lazima ajizoeze kungoja. Takaku peke yake haijakuambia kama bei imepanda, haijapanda au haikupanda. Mpaka mdomo ufungwe.

Na hiyo katta ilitoka wapi? Kijapani cha kale hakikuwa nayo. Kilikuwa na takashi mwishoni mwa sentensi, takaki mbele ya nomino, na takaku. Watu walipotaka kuongeza mambo ambayo takaku haikuweza kuyabeba, waliiunganisha na kitenzi ari, yaani kuwa au kuwepo, ikawa takakari. Ikaongezwa tari, alama ya jambo lililokamilika, na kwa kutamkwa karne baada ya karne vikasinyaa hadi takakatta. Kwa hiyo lile kuwa nililosema mwanzoni hulioni, kweli hulioni, lakini limo. Limemezwa. "Ilikuwa ghali" na takakatta zimejengwa kwa malighafi inayofanana. Moja imeacha kitenzi kikae nje, nyingine imekimeza.

Takaki nayo ikapoteza k yake ikawa takai, na hiyo ikachukua nafasi zote mbili, ya mbele ya nomino na ya mwisho wa sentensi. Mabaki ya zamani bado yapo. Mtu anayejipa moyo kabla ya kazi husema Yoshi!, ambalo ni umbo la kale la neno zuri. Methali husema Iu wa yasuku, okonau wa katashi, kusema ni rahisi, kutenda ni vigumu: yasuku inaunganisha, katashi inafunga, kila moja kwenye nafasi yake ya kale. Msimu wa vuli huitwa ten takaku uma koyuru aki, "vuli ambapo mbingu iko juu na farasi wananenepa", msemo uliotoka kwenye fasihi ya Kichina, na takaku iliyo katikati yake inafanya kazi ya takakute ya leo.

Magharibi mwa Japani, upande wa Kyoto na Osaka, k ya takaku ilidondoka pia. Takaku ikawa takau, kisha takō, yenye o ndefu. Mzee wa Osaka bado atasema takō natta pale ambapo mtu wa Tokyo anasema takaku natta. Na kwa kuwa lugha ya adabu ilichukua mengi kutoka upande huo, umbo hili lilienea nchi nzima ndani ya salamu ambazo kila mtalii anazijua. Ohayō gozaimasu imetokana na hayaku, mapema: ni kumwambia mtu kwamba amewahi. Arigatō imetokana na arigataku, kutoka arigatai, jambo lililo gumu kupatikana, na kwa hiyo la kushukuriwa. O-medetō, ya kupongeza, imetokana na medetai, lenye heri. Anayesema ohayō asubuhi amekwisha kukinyambua kivumishi kabla ya kifungua kinywa.

Adabu haigusi wakati

Kosa linalojitokeza zaidi kwa wanaoanza ni takai deshita. Linaeleweka lilikotoka: wamefundishwa kwamba desu ni "ni", deshita ni "ilikuwa", basi wanaona "ilikuwa ghali" ni takai deshita. Kwa nomino ingekuwa sahihi: ame deshita, ilikuwa mvua. Kwa kivumishi cha aina hii si sahihi, kwa sababu wakati ni mali ya kivumishi chenyewe. Sahihi ni takakatta desu. Desu hapo haina kazi ya kuwa wala ya wakati. Ni heshima tu, imewekwa nyuma ya neno ambalo tayari limekamilika.

Hata Wajapani wenyewe walichukua muda kuikubali desu hiyo. Kwa muda mrefu wenye kujali lugha waliona takai desu ni mbovu, na njia iliyopendekezwa ilikuwa ile ya takō gozaimasu, ambayo ni nzito kwa mazungumzo ya kila siku. Mwaka 1952 Baraza la Lugha ya Taifa la Japani, katika mapendekezo yake kuhusu lugha ya heshima, lilikubali mtindo wa kivumishi na desu kuwa wa kawaida. Tangu hapo ndio unaofundishwa shuleni na kwa wageni.

Kwa kukanusha kwa adabu kuna njia mbili. Takakunai desu ni nyepesi na ya mazungumzo. Takaku arimasen ni rasmi zaidi, kwani nai imetolewa na kuwekwa kanushi ya aru, kitenzi cha kuwepo. Kwa wakati uliopita ni takakunakatta desu, au takaku arimasen deshita. Katika hiyo ya mwisho deshita imerudi, na wanafunzi huchanganyikiwa. Sababu ni kwamba mwisho wa mstari sasa umekaliwa na kitenzi, arimasen, na kitenzi cha adabu kilichokanushwa ndicho kinachoihitaji deshita. Kivumishi hakihusiki.

Wakati ujao hauna mkia wake. Takai ni ya sasa na ya kesho. Mtu akitaka kukisia anaongeza deshō: takai deshō, nadhani itakuwa ghali.

Masharti, ziada, na tetesi

Takakute niliiacha ikining'inia. Inaunganisha sifa mbili, takakute mazui, ghali na haina ladha, au inatoa sababu, kama kwa yule kijana wa dukani. U yake hutamkwa kwa kunong'ona kwa sababu imebanwa kati ya k na t, sikio linapata takak'te. Ina mpaka mmoja: sababu ya -kute haipendi kufuatwa na amri wala ombi. Kumwambia mtu "ni ghali, usinunue" utatumia kara: Takai kara, kawanaide kudasai.

Masharti yana njia mbili kuu. Takakereba ni sharti la jumla, takakereba kaimasen, ikiwa ghali sinunui. Takakattara imejengwa juu ya takakatta, na ra mwishoni mwake, na ina harufu ya tukio mahususi: ukifika dukani ukakuta ni ghali. Mama anayemtuma mtoto sokoni atasema Takakattara, kawanaide ne. Katika mazungumzo ya kila siku mara nyingi zinabadilishana bila hasara.

Kwa kuchupa mpaka, mzizi unapokea sugiru: takasugiru, ghali mno. Kwa kugeuza sifa kuwa nomino, mzizi unapokea sa: takasa, urefu, kama sisi tunavyotoa urefu kwenye -refu. Dereva wa lori nchini Japani hukutana na neno hilo kwenye madaraja ya reli, 高さ制限, takasa seigen, kikomo cha urefu, na tarakimu kama mita 3.8 chini yake.

Lililo tamu kuliko yote, na lenye hatari, ni sō. Takasō ni kitu kinachoonekana ghali. Umesimama nje ya mgahawa, unaona vitambaa vyeupe mezani, hujaona menyu: Takasō da ne. Takai sō desu ni habari uliyosikia kwa mwingine: inasemekana ni ghali. Tofauti nzima ni ile i ndogo. Bila i, ni jicho lako linalosema. Yenye i, ni mdomo wa mtu mwingine. Na ina mantiki yake: habari ya kusikia hupokea neno zima na wakati wake, ndiyo maana unaweza kusema takakatta sō desu, inasemekana ilikuwa ghali. Kinachoonekana kwa jicho hakina wakati bado, kimeshika mzizi tu.

Wasaliti wawili

Si kila neno la sifa linaloishia kwa i liko katika jamii hii. Kirei, -zuri au -safi, linaishia kwa i, na humvuta mwanafunzi aseme kirekunai. Hakuna neno kama hilo. Kirei ni la jamii ya pili, wanayoiita vivumishi vya na, kwa sababu mbele ya nomino huhitaji na: kirei na hana, ua zuri. Jamii hiyo hubadilika kama nomino, kirei ja nai, kirei deshita, na hapo ile deshita tuliyoikataza kwa takai inaruhusiwa. Yūmei, maarufu, liko huko, na kirai, -a kuchukiza, pia. Dalili moja nzuri ni maandishi: katika jamii ya takai, i ya mwisho huandikwa nje ya kanji; katika kirei na yūmei, imefichwa ndani yake.

Msaliti wa pili ni neno linalotumika sana, ii, -zuri. Linabadilika kana kwamba ni yoi, ambalo ndilo umbo lake la zamani: yokunai, yokatta, yokute, yokereba. Ikunai hakuna. Yokatta nayo imevuka maana ya "ilikuwa nzuri" ikawa neno la kushusha pumzi. Mtu akiambiwa kwamba aliyelazwa hospitali ametoka salama husema Yokatta, afadhali.

Anayefika hapa amejifunza zaidi ya alivyoombwa. Kijapani hueleza kutaka kwa kubandika tai kwenye kitenzi: iku, kwenda, hutoa ikitai, nataka kwenda. Tai hiyo ni kivumishi cha jamii ya takai, mkia kwa mkia. Ikitakunai, sitaki kwenda. Ikitakatta, nilitaka kwenda. Ikitakunakatta, sikutaka kwenda. Na nai inayokanusha vitenzi, ikanai, siendi, nayo ikiutafuta wakati uliopita inakwenda kulekule, ikanakatta, na ikitafuta sharti inatoa ikanakereba, nisipokwenda, ambayo ikifuatwa na naranai ndiyo njia ya kila siku ya kusema lazima: ikanakereba naranai, lazima niende.